Foleni ya Samoa: vinasaba, unene wa taifa, na mtu anayeshuka kwenye mizani

Mwenyekiti wa kikao, madaktari na wauguzi wenzangu, wanafunzi, nanyi nyote mliokuja kusikiliza: asanteni kwa nafasi hii.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima watu uzito na kuzungumza nao kuhusu uzito huo. Kuna sentensi moja nimeisikia kuliko nyingine zote. Mtu anashuka kwenye mizani, anainama kuvaa viatu vyake bila kunitazama, kisha anasema: "Mimi hata nikinywa maji nanenepa." Zamani nilikuwa nikimjibu kwa upole mdomoni, lakini moyoni nikisema anatafuta kisingizio. Nimekuja kueleza kwa nini leo nasema nilimkosea. Ili nieleweke, itabidi twende mbali, hadi kwenye visiwa vya Samoa katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Samoa ni nchi ndogo yenye watu kama laki mbili. Wengi wanaishi kisiwa cha Upolu, wengine Savai'i, na wachache sana Manono na Apolima. Mwaka 2010 timu ya watafiti ilizunguka katika vijiji 33 ikipima watu wazima: urefu, uzito, mzunguko wa kiuno, sukari ya damu kabla ya kula, na damu ya kusomea vinasaba. Ilikuwa kazi ya pamoja. Alikuwepo Stephen McGarvey wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, mtu aliyekwisha kufanya utafiti na Wasamoa kwa miongo kadhaa; Ryan Minster wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh; na Wasamoa wenyewe, wakiwemo daktari Satupa'itea Viali na Take Naseri wa Wizara ya Afya. Nawataja kwa sababu matokeo haya yasingepatikana kama taifa lenyewe lisingefungua mlango na kukaa mezani.

Majibu yalichapishwa Julai 2016 katika jarida la Nature Genetics, kutokana na vinasaba vya Wasamoa 3,072. Kwenye kromosomu ya 5 kuna jeni iitwayo CREBRF. Ndani yake, kwa Wasamoa wengi, herufi moja tu ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo tofali moja katika protini inayotengenezwa na jeni hiyo limewekwa tofauti. Basi. Herufi moja kati ya bilioni tatu. Lakini kila nakala ya badiliko hilo inaendana na ongezeko la kati ya 1.36 na 1.45 katika BMI, yaani uzito wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.70 hizo ni kama kilo 4. Aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ni kama kilo 8.

Wengi wenu mnaijua jeni ya FTO, ambayo hadi wakati huo ndiyo iliyokuwa ikitajwa kila mahali. Iligunduliwa kuwa na uhusiano na unene mwaka 2007, katika utafiti ulioongozwa na Waingereza, na ilikuwa habari kubwa kweli: mtu mmoja kati ya kila sita wa asili ya Ulaya ana nakala mbili za aina yake yenye hatari, na kwa wastani anamzidi kilo 3 hivi yule asiye na hata nakala moja. Linganisheni na Samoa. Athari ya nakala moja tu ya CREBRF inazidi ya nakala mbili za FTO. Na siyo badiliko la kutafuta kwa tochi: karibu nusu ya Wasamoa wana angalau nakala moja. Ulaya na Afrika huwezi kuliona isipokuwa kwa nadra mno.

Habari hiyo ilipotoka, magazeti mengi duniani yaliandika kwamba sasa tumejua kwa nini Wasamoa ni wanene. Hapa ndipo ninapoomba tusimame kidogo.

Watafiti wale wale walikuwa na takwimu nyingine. Mwaka 2003, asilimia 68 ya wanaume wa Samoa na asilimia 84 ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi, kwa vipimo vinavyotumika kwa watu wa Polinesia, eneo la visiwa vya Pasifiki ambamo Samoa imo. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 80 ya wanaume na asilimia 91 ya wanawake. Hesabuni miaka: saba. Katika miaka saba mtoto wa darasa la kwanza hajamaliza shule. Vinasaba vya taifa havibadiliki kwa miaka saba. Herufi ile ya CREBRF ilikuwepo mwaka 2003, ilikuwepo mababu zao walipokuwa wakivua na kulima, na ilikuwepo karne nyingi kabla mtu yeyote hajateremsha shehena ya chakula cha makopo katika bandari ya Apia.

Nimepiga hesabu nyingine, nanyi mnaweza kuirudia kwa kalamu. Badiliko hilo linachukua kama asilimia 26 ya nakala zote za jeni hiyo nchini. Kila mtu ana nakala mbili, kwa hiyo kwa wastani kila Msamoa anabeba nusu nakala na kitu kidogo. Zidisha kwa 1.4. Unapata BMI ya 0.7 hivi. Maana yake, kama kesho asubuhi tungeweza kuifuta herufi hiyo katika miili ya Wasamoa wote kwa mkupuo, wastani wa uzito wa mtu mzima ungepungua kama kilo 2. Kilo 2! Jeni yenye nguvu kuliko zote za kawaida zinazojulikana, kwenye taifa linaloibeba kuliko mataifa karibu yote, na ukiiondoa taifa linabaki karibu pale pale.

Sasa mtaniuliza: kama ni hivyo, vinasaba vina kazi gani katika unene? Vina kazi kubwa sana, na hapa ndipo tunapochanganya mambo mawili.

Fikirini foleni ya watu waliopangwa kwa uzito, mwepesi mbele, mzito nyuma. Vinasaba ndivyo vinavyopanga foleni kwa kiasi kikubwa: nani asimame mbele, nani katikati, nani nyuma. Mazingira yanafanya kazi nyingine. Yanaisogeza foleni nzima, wa mbele na wa nyuma, upande wa uzito mkubwa. Ukimuuliza mtafiti wa vinasaba kwa nini huyu ni mzito kuliko jirani yake, anakujibu sawasawa. Ukimuuliza kwa nini taifa hili ni zito kuliko lilivyokuwa miaka arobaini iliyopita, unamuuliza swali lisilo lake.

Upande wa kupanga foleni ushahidi ni wa muda mrefu. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Denmark inatunza rekodi za watoto wa kulea kwa uangalifu mkubwa, hivyo waliweza kulinganisha uzito wa mtu na wa wazazi wake wa pande zote mbili. Uzito wa watu hao ulifuata wa wazazi waliowazaa. Na wazazi waliowalea, waliowapikia na kuwapakulia chakula utoto wao wote, haukuonekana uhusiano. Nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza nilirudia ukurasa mara tatu.

Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Quebec, Kanada, wa mwaka 1990. Claude Bouchard aliwachukua vijana wanaume 24, jozi 12 za mapacha wa kufanana, akawaweka chini ya uangalizi mchana na usiku. Kwa siku 84 katika kipindi cha siku 100 kila mmoja alilishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yake. Ziada ni ile ile kwa wote, na wote walipunguziwa shughuli. Kama uzito ni hesabu ya kinachoingia na kinachotoka tu, kama tunavyopenda kuwahubiria watu, wangemaliza wakiwa wameongezeka karibu sawa. Wastani ulikuwa kilo 8. Lakini yupo aliyeongezeka kilo 4 na kidogo tu, na yupo aliyeongezeka zaidi ya kilo 13. Ziada ile ile, na tofauti ya mara tatu. Na pacha alifuatana na pacha mwenzake: tofauti kati ya jozi na jozi zilikuwa takriban mara tatu ya tofauti ndani ya jozi moja.

Yule wa kilo 13 angekuja kwenye chumba changu miaka hiyo akasema mwili wake unashika haraka kuliko wa wengine, nisingemsadiki. Naye angekuwa anasema kweli tupu.

Jambo la pili lililonibadilisha ni kujua jeni hizi zinafanyia kazi wapi. Wengi wetu tulifundishwa kufikiria tumbo, mafuta, na kasi ya mwili kuunguza nishati. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuupelekea ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 timu ya Cambridge ilieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kabisa kutengeneza leptini. Mmoja alikuwa na miaka minane na kilo 86. Alipoanza kupewa leptini kwa sindano, njaa iliyokuwa ikimtesa usiku na mchana ilitulia, na kwa mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16. Hakuongezewa nidhamu. Aliongezewa homoni.

Hali kama ya mtoto huyo ni nadra mno. Lakini mwaka 2015, muungano mkubwa wa watafiti uliposoma vinasaba vya watu zaidi ya 339,000 na kupata sehemu 97 za DNA zenye uhusiano na BMI, jeni zilizo karibu na sehemu hizo nyingi zilionekana kufanya kazi kwenye ubongo, hasa mahali panapoamua njaa na shibe. Kwa hiyo tunapomwambia mtu "jizuie tu", tunamwambia ashindane na kiungo kile kile anachokitumia kujizuia. Anaweza kushinda wiki, anaweza kushinda mwezi. Ubongo hauchoki kuomba.

Nirudi Samoa, maana kuna hadithi nataka kuigusa kwa uangalifu. Mwaka 1962 mwanasayansi Mmarekani James Neel alitoa wazo la jeni ya akiba: kwamba mababu walioweza kuweka mafuta haraka wakati wa neema waliokoka wakati wa njaa, na sisi tumerithi uwezo huo katika zama ambazo njaa haiji. Ukiiweka hadithi hiyo Polinesia inavutia sana. Mitumbwi, bahari isiyoisha, safari za majuma, wenye akiba mwilini ndio wanaofika. CREBRF ilipopatikana, na ilipoonekana maabara kwamba seli zenye badiliko hilo zinahifadhi mafuta zaidi na kutumia nishati kidogo, wengi walisema wazo la Neel limethibitishwa.

Mimi nasita. Watafiti wa Samoa waliona kweli dalili kwamba badiliko hili lilipendelewa na uteuzi wa asili. Lakini visiwa hivyo vilianza na watu wachache, na mahali penye watu wachache kinasaba kinaweza kuenea kwa bahati peke yake. Tena, njaa haikuwapata Wapolinesia pekee. Kila bara limeionja. Halafu mwaka 2022 watafiti wa Nyuzilandi walieleza kwamba wanaume wa asili ya Pasifiki wenye badiliko hili wana kiwango kidogo zaidi cha mayostatini, protini ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Kwa hiyo sehemu ya zile kilo za ziada huenda ni misuli. Vipimo vya Polinesia nilivyovitaja mwanzo navyo vinaanza uzito uliozidi kwenye BMI ya 26 na unene kwenye 32, badala ya 25 na 30: kwa BMI ile ile, miili yao ina misuli mingi zaidi na mafuta machache zaidi kuliko ya Wazungu.

Na liko jambo la kushangaza zaidi, ambalo magazeti yalilipita haraka. Wasamoa wenye badiliko la CREBRF, pamoja na uzito wao, wana uwezekano mdogo zaidi wa kupata kisukari kuliko wenzao wasio nalo. Mdogo zaidi! Kinasaba kile kile kinaongeza kilo na kinaonekana kumkinga mtu na ugonjwa tunaoutishia watu kila tunapowapima. Anayeangalia mizani tu hawezi kumtofautisha mwenye kinga hiyo na asiye nayo.

Basi foleni ya Samoa imesogezwa na nini? Kazi ya mshahara badala ya shamba na uvuvi, gari badala ya miguu, na chakula cha kuagiza. Mfano unaojulikana ni mikia ya batamzinga, kipande chenye mafuta mengi kilichokuwa kikiingizwa kwa wingi kutoka Marekani kwa bei rahisi. Serikali ya Samoa ilikipiga marufuku mwaka 2007. Ilipotaka kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, ambako iliingia mwaka 2012, kuondoa marufuku hiyo kulikuwa sehemu ya masharti. Nchi ya watu laki mbili ilichukua hatua moja kulinda miili ya watu wake, nayo hatua hiyo ikawa kikwazo cha biashara. Sina maneno laini ya kulielezea hilo. Linanikera. Na linanikera zaidi kila nikisoma mahali kwamba tatizo la Wasamoa ni vinasaba vyao.

Ukitaka kuona foleni mbili za watu wa asili moja, nenda kwa Wapima. Ni watu wa asili ya Amerika. Baadhi wanaishi Arizona, Marekani, na wengine milimani Sierra Madre, Meksiko. Eric Ravussin na wenzake waliwalinganisha mwaka 1994. Wale wa Meksiko, waliokuwa wakilima kwa mikono na kula vya shambani, walikuwa na BMI ya wastani wa 24.9. Wa Arizona, 33.4. Tofauti ya uzito ilikuwa kama kilo 26. Hakuna jeni ya kawaida inayojulikana inayokaribia kilo 26.

Nigusie kwa ufupi alama za hatari za kurithi, kwa kuwa mtaanza kuulizwa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walijumlisha mabadiliko milioni 2.1 ya DNA kuwa alama moja kwa kila mtu. Kati ya kumi ya juu na kumi ya chini katika kila mia, tofauti ya uzito utu uzimani ilikuwa wastani wa kilo 13. Si haba. Ila alama hiyo ilitengenezwa zaidi kwa damu ya watu wa asili ya Ulaya. Mwaka huo huo wa 2019 ilikadiriwa kwamba kati ya watu waliosomwa vinasaba katika tafiti za namna hii, kama asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa Afrika asilimia 2 tu. Badiliko la CREBRF lisingepatikana kirahisi Uingereza hata wangepimwa watu wengi, kwa sababu kwao ni nadra mno. Lilipatikana kwa watu 3,072 kwa sababu waliulizwa Wasamoa. Ni mabadiliko gani mengine yanayosubiri taifa lake lipimwe? Kwa hiyo mtu akikuletea kipimo cha mate kilichonunuliwa mtandaoni, kinachomwambia hatari yake ya unene kwa asilimia, muulize kwanza kilitengenezwa kwa damu ya akina nani.

Kipimo kizuri cha vinasaba tulicho nacho tayari hakiuzwi. Ni swali: nyumbani kwenu nani ni mnene, alianza lini, na nani ana kisukari? Mtu ambaye wazazi wake wote wawili ni wanene tangu ujana anakueleza mahali pake kwenye foleni kuliko alama yoyote niliyoiona.

Naomba jambo dogo, na nalielekeza kwa tunaokaa na wagonjwa. Fomu zetu zina nafasi ya uzito, urefu na BMI. Tuongeze mistari mitatu: historia ya ukoo, mzunguko wa kiuno, na njaa, kwa maana ya jinsi mtu anavyoihisi, inakuja baada ya muda gani, na kama anawahi kushiba kweli. Maswali hayo yaulizwe mtu akiwa ameketi, kabla hajavua viatu. Mimi nimeanza kufanya hivyo. Na anaposema ile sentensi ya maji, simjibu tena kwa upole wa mdomoni. Namwambia kuhusu vijana wa Quebec, kuhusu yule wa kilo 4 na yule wa kilo 13, kisha namuuliza anadhani yeye angekuwa yupi. Wengi wanajibu papo hapo. Wengine wananyamaza kidogo, halafu wanaanza kunisimulia habari za mama zao.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.